Je, wajua? Uchungu wa dawa si ndio unaoponya

Kwa karne nyingi watu wameamini kwamba dawa ikiwa chungu kama shubiri, basi ni kali kwa ugonjwa. Sivyo. Uchungu na tiba ni mambo mawili, hata yanapotoka katika gome moja.

Mmea hauwezi kumkimbia anayeutafuna, kwa hiyo hujilinda kwa kemikali, na nyingi kati ya hizo ni sumu. Ndiyo maana tuna aina zipatazo 25 za vipokezi vya ladha chungu. Vipokezi hivyo ni bawabu aliyeagizwa kumzuia kila mgeni: hajui yupi mwizi, yupi tabibu. Kwinini, dawa ya malaria, inazuiwa mlangoni, na strikini, sumu inayoua, inazuiwa vilevile. Denatoniamu, miongoni mwa vitu vichungu kuliko vyote, haitibu chochote. Hutiwa katika vimiminika hatari ili watoto wasivinywe.

Kwinini yenyewe ilitenganishwa na magome ya mti wa sinkona mwaka 1820 na Wafaransa Pelletier na Caventou. Kimelea cha malaria hula hemoglobini, kisha hugeuza mabaki yenye sumu kuwa fuwele zisizokidhuru. Inavyofahamika, kwinini huvuruga kazi hiyo. Ukiipata kwa dripu, bila kuionja kabisa, inafanya kazi ileile.

Vipi kuhusu mizizi michungu iliyonywewa kabla ya chakula, kama jentiani ya Ulaya? Hapo ladha yenyewe ina kazi, kwani uchungu huamsha mate. Kwamba huongeza hamu ya kula, ushahidi ni mwembamba.

Lakini kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha kasisi Mwingereza, Edward Stone. Alitafuna gome la mti wa mwerebi, na uchungu wake ukamkumbusha sinkona, iliyokuwa ghali. Akalikausha, akalisaga, akawapa unga huo wagonjwa wa homa wapatao 50, na mwaka 1763 akaiandikia Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, kwamba wengi walipata nafuu. Hoja yake, kwamba uchungu unaofanana ni tiba inayofanana, ilikuwa na kasoro: mwerebi hauna kwinini, wala hauui kimelea cha malaria. Una salisini, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya salisiliki, na hiyo hushusha homa na kutuliza maumivu. Ni jamii hiyohiyo ya kemikali iliyozaa aspirini mwaka 1897.