Sauti kubwa si miksi nzuri: dhana potofu za wanaoanza kuhariri sauti

"Miksi ikisikika kwa nguvu zaidi, imekuwa nzuri zaidi."

Hii ndiyo inayowanasa wengi, hata waliokwishazoea kazi ya miksi, yaani kuchanganya sauti zote za wimbo ziwe kitu kimoja. Sikio halipokei besi (sauti nzito) na trebo (sauti nyembamba) vilevile katika kila kiwango: ukishusha sauti, besi hufifia mapema kuliko sauti za katikati, ukiipandisha, kila kitu kinajaa na kuvutia. Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hili mwaka 1933. Kwa hiyo ukiweka kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo), na sauti ikapanda kwa desibeli 1 au 2 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), utaapa kwamba umeiboresha. Ishushe kwanza mpaka ilingane na ya awali, kisha zima na uwashe kompresa hiyo huku ukisikiliza. Mara nyingi utagundua hujaongeza chochote ila ukubwa, na pengine umeharibu.

Kuubana wimbo wote kwa kompresa ili usikike kwa nguvu kuliko nyimbo nyingine nako hakulipi. Spotify kwa kawaida huzileta nyimbo kwenye LUFS -14 hivi (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), na YouTube hushusha zilizozidi. Wimbo wako utashushwa kama nyingine, ila ngoma zake zitakuwa zimeshapoteza mapigo.

"Rekodi kwa kiwango cha juu kabisa."

Ushauri huu ulifaa enzi za kanda, ambazo zilikuwa na mvumo wake uliohitaji kufunikwa. Katika dijitali, ukishafika desibeli 0, mwisho wa kipimo, hakuna nafasi tena: kinachozidi hukatwa na sauti hupasuka. Rekodi ya biti 24 ina upana wa desibeli 144 kinadharia, kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, hivyo vilele vya desibeli -12 vinatosha kabisa.

"Tutarekebisha kwenye miksi."

Baadhi, ndiyo. Mngurumo wa feni usiobadilika hupunguzika, ingawa ukizidisha, mzungumzaji husikika kama yuko majini. Mwangwi wa chumba kitupu ni mgumu zaidi, kwa sababu umeshaungana na kila silabi. Sogeza maikrofoni karibu na mdomo, tundika mablanketi mazito. Na trei za mayai ukutani? Hazizuii kelele za nje, na besi haizitambui kabisa.

"Ikwalaiza ni ya kuongeza."

Ikwalaiza hupandisha au kushusha besi, trebo au sauti za katikati kila moja peke yake. Anza kwa kupunguza. Chini ya Hz 80 (mitetemo 80 kwa sekunde, yaani sauti nzito sana), sauti ya mwimbaji kwa kawaida haina cha maana zaidi ya mitikisiko ya stendi na nyayo. Gitaa likimfunika mwimbaji, lipunguze kwenye sauti zile tu wanazogombania. Tena fanya hivyo ala zote zikilia pamoja. Gitaa linalosikika jembamba likiwa peke yake huenda ndilo linalokaa vizuri ndani ya wimbo.

"Bila programu ya gharama huwezi kujifunza."

Audacity, programu ya kuhariri sauti, hailipiwi, na ipo tangu mwaka 2000. Kukata, kuunganisha na kusawazisha viwango utajifunzia humo.

"Ukigeuza MP3 kuwa WAV, ubora unarudi."

MP3 ni faili la sauti lililobanwa, WAV halijabanwa; ukigeuza, faili linanenepa tu. Kilichotupwa wakati wa kulibana faili hakirudi, kwa hiyo hariri ukiwa na WAV na utoe MP3 mwishoni.