Toa huo mto chini ya goti

Mama yake alikuwa ameupanga vizuri: mto wa sufi chini ya goti, juu yake kanga iliyokunjwa mara nne ili kitambaa kisimkwaruze, mguu umeinuka katikati kama paa la kibanda. Kijana ni dereva wa bodaboda wa Mbagala (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane), kavunjika muundi wa mguu wa kulia, hii ni wiki ya tatu tangu atoke hospitali. Hana maumivu. Anaangalia mpira kwenye simu. Nikautoa mto, nikamwambia anyooshe mguu ulale kwenye godoro. Haukulala. Chini ya goti palibaki nafasi ya kupitisha ngumi yangu.

"Mama, huu mto tusiurudishe."

"Mwanangu, ataumia."

"Ataumia, ndiyo. Lakini tukimwacha hivi atachechemea na mfupa wake ukiwa umeunga vizuri kabisa."

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wagonjwa hutuita madaktari wa mazoezi, na wapo wanaofika wakidhani watanyanyua vyuma. Katika kazi hii nimejifunza kuiogopa huruma ya nyumbani kuliko uvivu wa mgonjwa. Mvivu ukimkazania anaamka. Ila mgonjwa aliyezungukwa na mama, mke na dada watatu wanaomletea kila kitu kitandani, huyo kumnyanyua ni vita na ukoo mzima.

Kwanza nieleze huo mto, maana karibu kila nyumba ninayoingia naukuta. Goti lililovimba lina maji ndani yake, na hayo maji hupata nafasi zaidi goti likikunjwa kidogo. Ndiyo maana mgonjwa anasikia raha. Raha hiyo ikidumu wiki kadhaa, nyama na kano za nyuma ya goti zinafupika, zinazoea. Na kutembea kunataka goti linyooke, kwa sababu kisigino kinapogusa chini goti linapaswa kuwa karibu limenyooka kabisa. Usiponyooka, mguu huo unakuwa mfupi kuliko mwenzake hata kama kipimo cha mfupa ni kilekile. Kama lengo ni kupunguza uvimbe, mto usogeze uende chini ya kisigino, mguu wote uwe juu kuliko kifua, goti libaki likining'inia lenyewe. Litavuta, na huko kuvuta ndiko tunakokutaka.

Akiwa amelala hivyohivyo anaweza kufanya zoezi ambalo ningetoa hata machozi ili kila mgonjwa alifanye: akaze paja, akandamize nyuma ya goti kuelekea godoroni, ahesabu mpaka tano, aachie. Mara kumi. Msuli wa juu ya goti husinyaa haraka sana, ndani ya wiki mbili tu unaweza kuona paja moja limekonda kuliko lingine bila kuhitaji tepu. Tatizo ni kukumbuka. Nikiwaambia "kila saa" hawafanyi. Kwa hiyo nawaambia wafungamanishe na kitu kinachojitokeza chenyewe: adhana, taarifa ya habari redioni, kengele ya shule ya jirani. Kuna bibi mmoja alifunga na muuza maandazi anayepita akipiga kelele, na yeye ndiye aliyepona vizuri kuliko wote mwaka ule.

Halafu unyayo. Mtu aliyelala muda mrefu, unyayo wake hulala mbele kwa uzito wake, na blanketi linaukandamiza zaidi. Kano ya kisigino inafupika, siku ya kusimama kisigino hakifiki chini. Chukua kanga, ipitishe chini ya unyayo karibu na vidole, shika ncha zote mbili, vuta kuja kwako taratibu mpaka kigimbi kikaze. Hesabu thelathini. Mara tatu asubuhi, tatu jioni. (Aliyefungwa vyuma vya nje vya kushikilia mfupa karibu na kifundo amuulize kwanza daktari wake.) Ila kama dole gumba halinyanyuki lenyewe hata ukijitahidi, hapo kanga haitoshi. Upande wa nje wa goti unapita mshipa wa fahamu ambao ajali za pikipiki hupenda kuuumiza. Mweleze daktari mapema.

Kwa nini muundi? Jipapase mbele ya mguu wako, chini ya goti. Ni ngozi, kisha mfupa. Hakuna nyama ya kuulinda. Bampa la gari au ukingo wa barabara ukigonga pale, mfupa unavunjika na mara nyingi unatoboa ngozi, vumbi na oili vinaingia. Damu ya kulisha eneo hilo nayo si nyingi. Ndiyo sababu muundi hukawia: miezi minne mitano ni kawaida, na ukiwa umetoka nje au umeingia wadudu inaweza kuwa zaidi sana. Mtu wa miezi mitatu ananiuliza kwa nini jirani yake alivunjika mkono akapona wiki sita. Mkono na muundi ni vitu viwili.

Na hata muundi kwa muundi haulingani, inategemea umefungwa nini. Yuko aliyefungwa hogo (plasta ngumu), yuko wa sahani ya chuma, yuko wa vyuma vya nje, yuko wa msumari unaopita ndani ya mfupa kama utambi. Misumari mingi inayotumika kwetu, ikiwamo MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ni ile ya SIGN. Hilo ni shirika lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari wa mifupa Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, Marekani. Walichofanya ni kutengeneza msumari unaoweza kufungwa skrubu zake bila ile eksirei ya moja kwa moja chumbani mwa upasuaji, mashine ambayo hospitali nyingi hazina. Mwenye msumari kama huo mara nyingi huruhusiwa kukanyaga mapema, wakati mwenzake mwenye sahani anaambiwa asubiri. Kwa hiyo ukikutana kliniki na mtu mliyelala naye wodi moja, yeye anatembea na wewe bado, usirudi nyumbani ukatupa magongo.

Lile neno "kanyaga kidogo" nalo limeumiza watu. Kidogo ni kiasi gani? Mwambie daktari akupe kilo. Akisema kumi na tano, azima mizani ya kupimia uzito, weka tofali au kibao chenye kimo kilekile pembeni, simama juu yake kwa mguu mzima ukiwa umeshika magongo, kisha bonyeza mizani kwa mguu mgonjwa mpaka mshale ufike kumi na tano. Rudia mpaka unyayo uikariri. Watu hushangaa. Waliodhani wanakanyaga kidogo wanakuta arobaini, na waoga wanakuta tatu.

Magongo yenyewe yaache nafasi ya vidole vitatu chini ya kwapa, uzito ubebwe na viganja. Ukining'inia kwa kwapa unabana mshipa wa fahamu, na siku moja unaamka kiganja hakinyanyuki. Tazama mpira wa chini kila wiki, ukiisha chuma kitateleza kwenye vigae kama sabuni. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka pamoja na magongo.

Sasa niseme aibu yangu. Miaka ya mwanzo nilimfokea mama mmoja, abiria aliyevunjika paja, kwa sababu hanywi maji, hali vizuri, tumbo limefunga, mazoezi hafanyi. Miezi miwili nikimfokea. Siku nilipokwenda kwake nikaona choo: kipo nje, cha kuchuchumaa, kuna kizingiti kirefu na sakafu ya utelezi. Alikuwa hanywi maji ili asiende chooni. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa anayeruhusiwa kurudi nyumbani ni: choo kikoje? Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu kwa nusu siku. Kiti cha plastiki kilichotobolewa sikipendi, miguu yake hufunguka kwenye maji na mtu akaanguka mara ya pili.

Kukandwa. Najua nikisema "usikandwe" nitakuwa nampigia mbuzi gitaa, kwa hiyo nasema hivi: kovu lililokwisha kupona, kwa mafuta na mkono mwepesi, hakuna neno. Lakini mfupa ambao haujaunga usikandwe wala kunyooshwa, na kiungo kilichoganda kisifunguliwe kwa nguvu, hasa kiwiko. Kiwiko kikilazimishwa, mfupa unaweza kuota ndani ya nyama, na hapo hata sisi tunabaki kutazama. Supu ya makongoro kunyweni tu, sina ugomvi nayo, ingawa dagaa wanaoliwa wazima na maharage na mayai vinasaidia mfupa kuliko sifa zote za makongoro. Sigara ndiyo adui. Huchelewesha mfupa kuunga, na mgonjwa asiye na kazi huvuta mara mbili.

Kuna mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, usiku wala Jumapili isiwe sababu: maumivu ndani ya hogo yanayozidi badala ya kupungua, vidole vikifa ganzi au kuwa vya baridi, kigimbi kuvimba na kuuma ghafla, pumzi kukata, usaha na homa.

Kitu kingine hakionekani kwenye picha ya eksirei. Yule kijana wa Mbagala alikuwa halali. Mama yake aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba akisikia pikipiki ikifunga breki nje anashtuka mpaka jasho linamtoka, na amekuwa mkali, kamrushia mdogo wake kikombe. Jirani alishauri apelekwe kwa mtu akatolewe pepo. Yeye mwenyewe nilipomuuliza alijibu, "Sijisikii tu, dokta." Wanaume wengi wataishia hapo. Mwezi wa kwanza mambo haya ni ya kawaida kwa mtu aliyeona kifo kwa karibu, na wengi hutulia wenyewe wakiwa na mtu wa kuongea naye. Yakipita mwezi, au mtu akianza kusema bora ningekufa, hiyo ni kazi ya kliniki ya afya ya akili, na inatibika. Vilevile kama kichwa kiligonga, hata helmeti ilikuwepo, hasira, kusahau na kuumwa kichwa vinaweza kutoka kwenye ubongo wenyewe. Mwambie daktari, usimwite mgonjwa mkorofi.

Na sehemu ya kukosa usingizi kwake ilikuwa hesabu. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, tajiri (mwenye pikipiki) anasubiri hesabu yake ya kila wiki, na chombo chenyewe kimekaa kituo cha polisi kimepinda uma wa mbele. Vijana wa kijiweni walichanga, Mungu awabariki, lakini mchango ni wa mwezi mmoja na mfupa ni wa miezi mitano. Wengi hawajui kwamba bima ndogo, ile ya lazima, iliwekwa kwa ajili ya madhara unayomfanyia mtu mwingine, si kwa ajili yako uliyeshika usukani. Kama uligongwa, unayemdai ni bima ya aliyekugonga. Weka nakala ya PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi), karatasi za kuruhusiwa na kila risiti kwenye bahasha moja. Nimeona watu wakikosa haki yao kwa sababu PF3 ilitumika kuwashia jiko.

Deni ndilo linalowarudisha barabarani wiki ya nane. Siwezi kumzuia mtu mwenye watoto kwa hotuba, kwa hiyo nina mtihani wangu. Breki ya nyuma ya pikipiki iko mguu wa kulia, gia mguu wa kushoto. Daktari akishasema mfupa umeunga, pikipiki isimamishwe kwa stendi mbili, injini imezimwa, ukae. Kanyaga breki kwa nguvu zote ghafla, mara ishirini. Ukikunja uso hata mara moja, bado. Kisha ishuke kwenye stendi, iinamishe upande wa mguu mgonjwa, uishike wima kwa mguu huo peke yake kama uko kwenye taa nyekundu na abiria nyuma. Mguu ukitetemeka, rudi kwangu.

Kijana wangu alifeli mara mbili. Ya tatu alipita, mwezi wa saba tangu avunjike, goti limenyooka kabisa. Nikamwomba wiki ya kwanza asibebe mtu, azunguke mtaani tu. Mama yake ndiye aliyenisimulia siku ya kwanza ilivyokuwa, maana alimfuata nyuma kwa mguu akijifanya anakwenda dukani. Alipofika kona aliyoangukia, kijana alizima injini, akashuka, akaisukuma pikipiki kwa mikono mpaka akaivuka kona. Akapanda tena, akawasha.