Anjina: kifua kinachobana ukibeba mzigo na kuachia ukipumzika

Makuli wengi wanaoshusha viazi vya Molo sokoni Nakuru, kifua kikiwabana gunia likiwa mgongoni, husema ni vidonda vya tumbo. Mtu anakunywa maziwa, anakaa kidogo, anarudi kwenye lori. Huenda kweli ni vidonda au kiungulia. Lakini maumivu yanayokuja na mzigo na kwenda na mapumziko mara nyingi ni anjina, na hayo yanatoka moyoni.

Moyo ni msuli, na una mishipa yake inayoulisha damu. Sigara, presha, kisukari na umri huifanya mishipa hiyo ijae mafuta na kuwa myembamba. Ukiwa umeketi, damu inayopita inatosha, husikii kitu. Ukiinua gunia, moyo unadai damu zaidi na njia ni finyu. Hapo kifua hubana kama kimekazwa kamba, maumivu yakipanda shingoni au tayani, au yakishuka mkononi, hasa wa kushoto. Wengine hukatika pumzi tu. Baada ya dakika chache za kukaa, yanatulia, na mtu anadhani amepona. Hajapona. Mishipa ni ile ile.

Kubeba mzigo mzito kunauchosha moyo kwa namna yake, maana mtu hukaza mwili na kubana pumzi, presha ikaruka ghafla. Ndiyo sababu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, inaniuma sana: kanuni za viazi za 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, na bado kuna mabega yanayobebeshwa zaidi.

Ukifika kliniki usiseme tu "kifua kinauma", utarudi na dawa ya asidi. Sema: "Huanza nikibeba, huisha nikikaa." Daktari atajua pa kuanzia: presha, sukari, na kipimo cha umeme wa moyo. Dawa zipo, pamoja na ile ya kuweka chini ya ulimi.

Maumivu yakikataa kuisha hata umekaa, au yakaja na jasho baridi na kichefuchefu, hilo laweza kuwa shambulio la moyo. Mwenzako asitembee, wala asipakiwe kwenye bodaboda, anaweza kuzimia njiani. Mkalisheni, mpeni aspirini ya miligramu 300 aitafune, kama haimdhuru na hana vidonda vinavyotoa damu, na mtafute gari la hospitali saa hiyo hiyo, hata kama lori halijaisha kushushwa.