Ada ya Usajili Si Tozo ya Barabara

Ada ya usajili ni malipo ya kuingiza chombo cha usafiri katika kumbukumbu za serikali na kukipa namba. Hulipwa mara moja, na kazi yake huishia hapo. Tozo ya barabara ni fedha inayokatwa katika kila lita ya petroli na dizeli ili kutunza barabara. Hata hivyo, kila inapozuka hoja kwamba waendesha baiskeli nao wasajiliwe ili wachangie matengenezo, mambo haya mawili huchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja.

Nadhani mkanganyiko huu ulianzia kwenye ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo stika yake ilibandikwa kwenye kioo cha mbele, na mwenye gari akaamini kuwa ameshailipia barabara. Hapa Tanzania ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya 2017/18, na pengo lake likafidiwa kwa kuongeza ushuru wa bidhaa kwa shilingi 40 katika kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mafuta ya taa nayo yalikuwamo: bibi wa kijijini anayewasha kibatari alianza kufidia ada ya gari asilokuwa nalo, na bado tunaambiwa kwamba asiye na gari anatumia barabara bure.

Kinachofika kwenye Mfuko wa Barabara, na kutoka huko kwenda TANROADS na TARURA, wakala wa barabara kuu na wakala wa barabara za vijijini na mijini, hutegemea zaidi lita zilizouzwa kuliko namba zilizosajiliwa. Mantiki yake ni ya haki, kwa kuwa anayesafiri sana, na kwa chombo kizito, huchoma mafuta mengi na hulipa zaidi. Ada ya usajili haina kipimo hicho, kwa maana gari linalolala uani mwaka mzima na lile linalokwenda Mbeya kila wiki yaliandikishwa kwa utaratibu uleule.

Kipimo hicho kina uzito wake. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yaliwafundisha wahandisi kwamba uharibifu wa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Ukiongeza uzito huo maradufu, madhara huwa mara 16 hivi. Ndiyo sababu malori hupimwa kwenye mizani ya Vigwaza, mkoani Pwani, ilhali muuza mkaa anayeikokota baiskeli yake yenye magunia mawili kuupanda mlima alfajiri, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukisukuma mzigo, hasimamishwi na mtu. Hata akiwa na mzigo huo, anachoidhuru lami ni kidogo mno hata hakipimiki. Kumtoza ada kungehitaji vibao, makarani na wakaguzi, na sioni kitakachobaki cha kuziba hata shimo moja baada ya gharama hizo.

Wapo wanaotaka baiskeli zisajiliwe ili zinapoibwa zitambulike, na hoja hiyo inastahili kujadiliwa kwa uzito wake. Ninachoomba ni kwamba anayeitoa aiite ada ya usajili, aeleze ni kumbukumbu gani itakayotunzwa na nani ataitunza, wala asimwambie muuza mkaa kwamba analipia lami.