Figo imefeli, mbona daktari anahangaika na moyo?

Mimi ni nesi, kwetu Lamu, na kina mama wenye watoto wagonjwa wa figo hunisimamisha popote, juzi nimeshikwa pale Mkunguni samaki wangu mkononi wanaanza kunuka. Maswali ni yale yale basi nayajibu hapa.

Nesi, mwanangu anaumwa figo, za nini picha za moyo?

Manake figo ikishindwa kutoa maji na chumvi, vyote vinabaki mwilini, presha inapanda, moyo unasukuma kwa nguvu mchana na usiku mpaka ukuta wake wa kushoto unanenepa kama mkono wa mchukuzi wa jetini, ila unene huu si wa siha, moyo unakakamaa na haulegei sawasawa kupokea damu. Tena figo ndiyo inayotoa homoni ya kutengeneza damu, ikifeli mtoto anapungukiwa damu na moyo unazidi kukimbia. Na fosforasi, madini ya kwenye chakula ambayo figo mbovu haiwezi kuyatoa, ikizidi mishipa huanza kushika chokaa, hata ya mtoto. Sitaki kutisha mtu lakini maradhi ya moyo na mishipa ni katika vinavyoua sana watoto hawa.

Mbona anacheza tu, halalamiki?

Presha haipigi hodi. Angalia mkanda wanaomfunga, ukiwa wa mtu mzima kwenye kijikono cha miaka 6 utasoma presha ndogo kuliko ilivyo na mtaambiwa yuko sawa. Ulizia mkanda wa watoto, usione haya. Wengine presha yao hupanda usiku wamelala, ndio maana daktari humvisha mashine ya kupima saa 24.

Na joto hili nimnyime maji?

Kipimo cha maji atakupa daktari, na barafu, uji, supu, chai vyote vimo ndani ya kipimo hicho. Ila mimi naona tunagombana na maji bure wakati mchokozi ni chumvi. Ukimlisha ng'onda, achari, krispi na vile vijiwe vya kutia ladha kwenye supu, kiu utaizuia vipi? Mpime uzani kila asubuhi, kilo 1 iliyoongezeka ghafla ni kama lita 1 ya maji, na maji hayo moyo ndio unaoyabeba mpaka siku ya dayalisisi, yaani mashine ya kumsafisha damu.

Madafu je, si yanasafisha figo?

Hapa ndipo ninapogombana na mabibi! Dafu kwa mwenye figo nzima halina neno. Kwa mtoto wa dayalisisi, kikombe kimoja kina potasiamu, nayo ni madini yanayotolewa na figo, kama miligramu 600, yashinda ndizi moja, na potasiamu isipopata pa kutokea inavuruga mapigo ya moyo hadi moyo kusimama, wala mtoto halii kwanza. Ndizi, tende na mihogo pia uliza kwanza. Viazi na mihogo wengine wanaambiwa wakate vidogo, wachemshe maji mengi wamwage.

Anataka kuruka baharini na wenzake.

Kama ana mpira wa dayalisisi kifuani, la. Mpira ule unafika karibu na moyo, maji machafu yakiingia vijidudu vinakwenda moja kwa moja kwenye damu.

Akipandikizwa figo si tumemaliza?

Moyo unapumua, kwa wengi ule unene hupungua kidogo kidogo. Lakini prednisoloni na takrolimasi zinazolinda figo mpya zinaweza kupandisha presha na sukari, na prednisoloni inaleta njaa, utamuona mtoto yuko kwenye mahamri la 5 na bado anakuangalia. Presha yaendelea kupimwa, mafuta ya damu pia, na kandanda acheze daktari akiruhusu, figo mpya huwekwa chini ya tumbo mbele, isipigwe kiwiko. Balungi asile, linaongeza takrolimasi kwenye damu. Na dawa usimuachishe hata siku moja kwa sababu kafura mashavu.

Nikimbilie hospitali lini?

Akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, akifura ghafla, moyo ukienda ovyo, miguu ikilegea, akizimia au kutetemeka na kichwa kinamuuma sana. Usingoje alfajiri, na kama mpo vijijini Matondoni au Kipungani weka namba ya nahodha wa boti kwenye simu leo, si usiku ule.