Harufu na moshi wa jiko la jirani: maswali na majibu kwa wanaoishi nyumba za kupanga

Katika mitaa kama Manzese, Tandale na Buguruni jijini Dar es Salaam, nyumba nyingi za kupanga zimejengwa kwa mtindo uleule: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, na uani nyuma ambako wapangaji wote hupika, hufua na kuanika. Kati ya nyumba na nyumba huachwa kichochoro ambacho pengine watu wawili hawapishani. Majibu haya yamelenga wakazi wa nyumba za aina hiyo, ambao jiko la jirani liko karibu na kitanda chao kuliko jiko lao wenyewe.

Je, harufu ya chakula cha jirani inaweza kuniletea ugonjwa?

Kwa mtu mzima mwenye afya, harufu peke yake kwa kawaida haileti ugonjwa. Pua hutambua kiasi kidogo mno cha samaki wa ng'onda au kitunguu saumu hewani, kiasi ambacho hakitoshi kuudhuru mwili. Hata hivyo kero yake si ya kubuni, kwa kuwa harufu kali inaweza kuondoa hamu ya kula, kuvuruga usingizi na kuamsha maumivu ya kichwa kwa mwenye kipandauso.

Moshi una habari nyingine. Ndani yake mna chembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, nyembamba kuliko unywele wa mtu kwa takriban mara 30, ambazo hupita puani na kooni bila kuzuiwa, hufika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zile ndogo zaidi huingia hata kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vingi vikitokana na magonjwa ya moyo, kiharusi, magonjwa ya mapafu na nimonia ya watoto.

Kwa hiyo, kabla ya kulalamika, chunguza kinachokufikia. Ikiwa ni harufu tu, macho hayawashi na koo halikereketi. Ikiwa ni moshi, utayaona masizi. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, panda juu ya stuli, ufute sehemu ya juu kabisa ya ukuta unaotenganisha chumba chako na cha jirani au na ukumbi. Kitambaa kikitoka cheusi na kuteleza kwa mafuta, tambua kwamba moshi umekuwa ukiingia chumbani kwako kwa muda mrefu.

Mlango na dirisha nimefunga. Harufu inapita wapi?

Mara nyingi inapita juu. Katika nyumba nyingi za zamani ukuta wa kati haufiki kwenye bati. Unaishia usawa wa kenchi, na juu yake kuna uwazi unaounganisha vyumba vyote chini ya paa moja. Hewa ya moto hupanda. Jirani akikaanga ukumbini au chumbani mwake, moshi hupanda mpaka kwenye bati, husambaa, kisha hushuka katika vyumba vingine kadiri unavyopoa. Ndiyo sababu mpangaji wa chumba cha mbele anaweza kuamka akiwa na koo kavu kwa moshi wa mtu wa chumba cha nyuma, wakati yule wa chumba kinachofuatana na jiko hakusikia kitu.

Njia ya pili ni kichochoro. Nyumba mbili zikikaribiana sana upepo haupiti vizuri, na moshi wa jiko lililowekwa hapo hukosa pa kwenda ila madirishani. Mchana upepo wa baharini husaidia kuusukuma; usiku na alfajiri hewa hutulia, na jiko linalowashwa saa kumi na moja kwa ajili ya chai na vitumbua huacha moshi wake palepale ulipoanzia.

Mbona jirani mwenyewe haisikii harufu hiyo?

Pua huzoea. Mtu akikaa na harufu moja kwa dakika kadhaa, hisia yake hupungua hadi asiitambue, ilhali anayeingia kutoka nje huisikia mara moja. Jirani anapokuambia kwamba hasikii kitu, yumkini anasema kweli.

Pilipili ikikaangwa nyumba nzima hukohoa. Je, kuna hatari?

Pilipili ina kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo huchochea mishipa ya fahamu ileile inayotambua joto kali. Ikiruka hewani pamoja na mvuke wa mafuta, koo huitikia kwa kikohozi. Kwa mtu asiye na ugonjwa wa kifua kikohozi hicho huisha hewa inapobadilika. Kinachopaswa kuangaliwa zaidi ni mafuta yenyewe. Yakipata moto hadi yatoe moshi wa buluu, hutengeneza gesi zinazochoma macho na njia ya hewa, na mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nyingi hufika hapo upesi zaidi kuliko mapya. Anayekaanga samaki wa biashara kila jioni kwa mafuta yaleyale anajidhuru yeye kwanza, kwa kuwa ndiye anayeinamia karai.

Ni nani anayehitaji uangalizi zaidi?

Wa kwanza ni mwenye pumu. Kwake moshi, mvuke wa pilipili, na wakati mwingine harufu kali peke yake, vinaweza kubana kifua. Dawa yake ya kuvuta ikae mahali inapofikika, wala isifungiwe kabatini. Akishindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi, au midomo ikianza kubadilika rangi, apelekwe hospitali wakati huohuo huku akiendelea kutumia dawa kama alivyoelekezwa.

Wapo pia wenye mzio wa samaki au kamba, ambao baadhi yao hupata chafya, vipele au kubanwa kifua kwa kuvuta tu mvuke wa chungu kinachochemka, bila kuonja chochote. Watu hawa huambiwa kwamba wanajidekeza. Si haki, na mwenye dalili hizo anastahili kupimwa.

Mjamzito, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, anaweza kutapishwa na harufu ambayo mwezi uliopita ilimpa njaa. Kula kidogo kidogo, kupendelea vyakula vilivyopoa na kuhamia upande wa nyumba wenye upepo wakati wa mapishi husaidia. Akishindwa kubakiza hata maji tumboni, mkojo ukawa mweusi na kizunguzungu kikamshika, hiyo si tabia ya mimba ya kuvumiliwa nyumbani. Anahitaji kuonwa kituo cha afya. Moshi wenyewe, akiuvuta kila siku, unahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Watoto wachanga na wazee nao wasilazwe karibu na ukumbi unaopikiwa.

Jirani anatumia mkaa, nao hautoi moshi mwingi. Hilo si nafuu?

Ni nafuu kwa macho tu. Mkaa uliokolea hutoa moshi kidogo kuliko kuni, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksaidi kwa wingi, nayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa hewa ingawa mtu anapumua kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea, na watu wengi hudhani ni malaria au uchovu. Ishara ya kuitilia shaka ni hii: watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, kisha wanapata nafuu wakitoka nje.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa sababu yoyote, iwe mvua, baridi au maharage ambayo hayajaiva. Paa likiwa la pamoja, jiko lililo chumbani kwa jirani linakuhusu na wewe, na katika jambo hili sioni sababu ya kuona haya kugonga mlango wa mtu usiku.

Nifanye nini upande wangu?

Anza na uwazi wa juu ya ukuta. Siling bodi iliyozibwa vizuri pembeni hupunguza moshi wa paa kuliko kitu kingine chochote, na inafaa mwenye nyumba ashirikishwe kwa kuwa ni sehemu ya jengo lake. Wakati fundi anasubiriwa, turubai au nailoni nzito iliyotandazwa chini ya kenchi husaidia kwa kiasi, mradi iwe mbali na taa na nyaya za umeme, na chumba kibaki na dirisha la kuingizia hewa.

Feni itumike kwa akili. Ikipuliza kutoka upande wa ukumbi, itakuvutia moshi. Ikiwekwa ikitazama nje dirishani baada ya mapishi kwisha, itautoa. Mapazia, magodoro na nguo hubeba harufu kwa siku kadhaa, kwa hiyo nguo safi zisianikwe uani saa za kukaanga.

Kuchoma udi au ubani ili kufukuza harufu ni desturi nzuri kwa mapenzi na kwa wageni, ila kwa kifua huongeza moshi juu ya moshi. Manukato ya kupuliza hufunika harufu bila kuondoa chembe. Kipande cha mkaa kinachowekwa pembeni hakina uwezo wa kusafisha hewa ya chumba kizima, na barakoa ya kitambaa haizuii gesi.

Nimwambieje jirani bila kugombana?

Usimweleze wakati karai liko motoni, wala mbele ya wapangaji wengine. Zungumza juu ya afya, usikiguse chakula chake, maana mtu akiambiwa kwamba chakula chake kinanuka husikia ametukanwa yeye na kwao. Kauli kama "Dada, mwanangu ana pumu, naomba jiko tuliwashie kule mwisho wa uani" humpa jambo la kufanya. Omba mambo madogo yanayowezekana: mkaa uwashwe mbali na milango na usogezwe ukishakolea, kwa kuwa moshi mwingi hutoka mwanzoni, usiwashwe kwa plastiki wala chupa za maji, ambazo moshi wake una sumu, sufuria ifunikwe, na anayekaanga kwa biashara atoe taarifa ya saa zake. Kuchangia paa dogo la uani, ili mvua isiwarudishe watu ukumbini na majiko yao, huenda kukamaliza ugomvi wa miaka.

Je, gesi itamaliza tatizo?

Itapunguza moshi kwa kiasi kikubwa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mvuke wa kukaanga utabaki. Kuna pia harufu moja mpya ya kujifunza: gesi ya mtungi hutiwa kemikali inayonuka kama kabichi lililooza ili uvujaji utambulike. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini. Ukiisikia kutoka kwa jirani, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti. Fungueni milango, fungeni mtungi kama inafikika salama, waamsheni wote watoke nje, kisha piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Jirani amekataa kabisa. Niende wapi?

Mweleze kwanza mwenye nyumba, kisha mjumbe wa shina, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Suala likibaki la afya, muone afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inagusa kero zinazohatarisha afya, naye ana nafasi ya kukagua nyumba na kutoa maelekezo. Nenda ukiwa umeandika saa ambazo moshi huingia, mahali unapopitia na nani ameugua, pamoja na cheti cha daktari kama kipo. Kwa harufu tupu ya chakula usitegemee atamzuia mtu kupika. Kwa jiko la mkaa linalowaka chumbani, au moshi wa biashara unaoingia vyumbani kila siku, una hoja.