Ushirikishwaji wa umma katika sera za usafiri: maana yake na unavyoendeshwa

Ushirikishwaji wa umma ni utaratibu ambao mamlaka inayotaka kubadilisha usafiri huuweka mpango wake hadharani ungali unaweza kubadilika, hueleza nani ataathirika na kwa kiasi gani, hupokea hoja, kisha hujibu hoja hizo kwa sababu. Ikikosekana hata sehemu moja kati ya hizo nne, kinachobaki ni mkutano tu. Wala si kura: hoja ya mtu mmoja yenye ushahidi inaweza kuzidi uzito fomu mia tatu zilizojazwa maneno yaleyale.

Nchini Kenya jambo hili ni la kisheria. Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi katika Kifungu cha 10 kama mojawapo ya maadili ya taifa, na Kifungu cha 232 kinaudai katika utungaji wa sera. Jedwali la Nne limezipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani, maegesho na trafiki, kwa hiyo kuhamisha steji, yaani kituo cha matatu, ni kazi ya kaunti, na kukusanya maoni pia ni juu yake. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kanuni za tumbaku, ilisema ushirikishwaji lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza taratibu tu, ingawa si lazima kila mtu asikilizwe kwa mdomo.

Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji la Nairobi. Abiria walishushwa pembezoni wakamalizia safari kwa miguu, wakiwemo wazee, watu wenye ulemavu na waliobeba mizigo. Agizo lilisitishwa haraka. Lengo lake, kupunguza msongamano, lilikuwa la maana, na bado ni la maana. Lakini yaliyoonekana asubuhi ile ni mambo ambayo waraka mzuri wa athari huyaorodhesha wiki kadhaa kabla.

Waraka huo ndio sehemu inayofanywa kizembe kuliko zote, nayo ndiyo inayoamua kama maoni yatakayokuja yatafaa. Kurasa mbili hadi nne zinatosha, kwa Kiswahili chepesi: hali ilivyo sasa, ramani ya njia na steji, chaguzi tatu hivi (mojawapo ikiwa kuacha mambo yalivyo), na jedwali la nani anapata nini na anapoteza nini. Maneno kama “usumbufu mdogo” yafutwe, ziwekwe hesabu. Chukua abiria anayeshushwa kilomita moja na nusu kutoka kazini. Kwa mwendo wa kilomita nne na nusu kwa saa atatembea dakika 20 asubuhi na 20 jioni. Kwa siku 22 za kazi, hizo ni karibu saa 15 kila mwezi. Sasa mweke kwenye jedwali hilohilo mama mboga anayetoka soko la Wakulima na gunia. Yeye hawezi kutembea nalo. Atalipa mkokoteni hadi steji mpya, na fedha hizo zitaongezeka kwenye bei ya sukuma wiki mtaani kwake. Mstari wake ukikosekana, jedwali litaonyesha kuwa sera haina gharama kwa mtu asiyefanya kazi mjini, na hilo si kweli.

Athari nyingine haziko barabarani kabisa. Ujenzi wa bandari ya Lamu, sehemu ya ushoroba wa LAPSSET (mradi wa usafiri wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia), uliwagusa wavuvi ambao vyombo vyao vidogo haviwezi kwenda bahari kuu pale maeneo yao ya jadi yanapochimbwa kuongezwa kina. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na upungufu katika kuwashirikisha wananchi ulikuwa miongoni mwa mambo iliyoyabaini.

Katika kuwatafuta wahusika, kosa la kawaida ni kuwaita viongozi wa sacco, yaani vyama vya ushirika vya wenye matatu, na kudhani sekta ya matatu imesikika. Mwenye gari anawaza leseni na mkopo. Dereva na makanga wanawaza kiasi wanachopaswa kumpelekea mwenye gari kila jioni. Steji ikihamishwa na safari zikapungua, wa kwanza kuumia ni hao wawili, nao mara nyingi hawamo ukumbini. Mkutano wa saa nne asubuhi katika hoteli ya mjini hawatafika. Wafuate steji kati ya saa tano na saa nane mchana, gari zinaposubiri zamu. Abiria wapatikane jioni kwenye foleni, wachuuzi sokoni, na wasiosikia wawekewe mkalimani wa lugha ya alama. Notisi isiishie kwenye Gazeti Rasmi la serikali. Itangazwe redioni na ibandikwe ndani ya matatu zenyewe. Posho ikilipwa bila mpango, ukumbi hujaa wahudhuriaji walewale wa kila mkutano.

Swali nalo liandaliwe. “Mnaunga mkono mpango?” huleta makofi au kelele. Uliza hivi: “Ukishushwa Ngara, pembezoni mwa katikati ya jiji, saa kumi na mbili asubuhi, utafikaje kazini, na itakugharimu nini?” Majibu ya swali la pili yanaweza kuingizwa kwenye hesabu.

Kila kikao kiwe na waandishi wawili, mmoja akinukuu maneno ya wasemaji na mwingine akiandika kundi la msemaji na athari aliyoitaja. Maoni ya maandishi, ya simu na ya mdomo yaingizwe kwenye jedwali moja lenye safu nne: hoja, kundi lililoitoa, uamuzi (imekubaliwa, imekubaliwa kwa sehemu, imekataliwa) na sababu. Safu ya mwisho ndiyo huachwa tupu. “Tumezingatia” si sababu. “Hatukuweza kuiacha steji hapo kwa kuwa barabara ni nyembamba na gari la zimamoto halipiti” ni sababu, na aliyeshindwa anaweza kuipinga kwa kupeleka vipimo vyake.

Jedwali lichapishwe kabla ya uamuzi kusainiwa. Ratiba ionyeshe tangu mwanzo tarehe ya waraka, ya kufunga maoni, ya majibu na ya uamuzi. Mkandarasi akishapewa kazi kabla ya maoni kufungwa, wananchi hulijua hilo upesi na huacha kuja. Tena muda wa safari, nauli na mizigo vipimwe kabla ya mabadiliko, kisha vipimwe tena baada ya miezi mitatu, kwenye steji zilezile na saa zilezile.